Mwali na Kaa: Jinsi Moto Uwakavyo

Lugha yetu yatofautisha mwali na kaa, na tofauti hiyo ni ya kweli hata katika elimu ya maumbile. Yafaa walimu waijue barabara, maana kutoijua kumewaua watu wengi.

Moto si kitu kikaacho peke yake. Huwapo pale tu mambo matatu yakutanapo: kitu cha kuungua, joto, na hewa. Wazee waliopekecha moto kwa ulindi na uwimbombo walileta joto kwa msuguano. Unga wa mti ukashika kaa dogo, nao wakalipuliza katika makumbi makavu hata likawaka. Kupuliza kule ni kuongeza hewa. Katika kila sehemu 100 za hewa, kama 21 ni oksijeni, nayo ndiyo iunganayo na kitu kiunguacho. Lavoisier, mtaalamu wa Ufaransa, alilieleza jambo hili mwaka 1777.

Ukuni upatapo joto hutoa mvuke, na mvuke huo uwakapo ndio mwali. Mvuke ukiisha hubaki kaa, liungualo usoni pake bila moshi. Kwa hiyo wachoma makaa hufunika tanuri kwa majani na udongo, ili hewa iingie kidogo tu: mvuke utoke, wala kaa lisigeuke jivu.

Hapo ndipo penye hatari. Wengi hudhani ya kuwa moshi peke yake ndio udhuruo, na kwamba makaa yasiyo na moshi ni salama. Basi wakati wa baridi huingiza jiko chumbani, hufunga mlango na dirisha, wakalala. Kumbe makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na hewa ikipungua gesi huzidi. Hushikamana na damu mahali pa oksijeni. Mtu huumwa na kichwa, hulegea, huzimia. Na aliye usingizini aweza kufa asiamke.

Tukiwafundisha watoto, tufunike mshumaa kwa bilauri, waone mwali ukifa kwa kukosa hewa. Kisha tuwaambie ya kuwa kaa halina adabu hiyo: hewa ikipungua, laendelea kuungua polepole na kutoa sumu. Jiko la makaa na likae nje. Mlango ulioachwa wazi kidogo hautoshi. Na mtu akionekana amelegea karibu nalo, kwanza atolewe penye hewa safi, kisha apelekwe hospitali upesi.