Ametoka Kwenye Mashine, Mbona Hawezi Kusimama?

Mgonjwa akiondolewa kwenye mashine ya kupumulia, jamaa hufurahi na kushukuru. Lakini baada ya siku chache huanza kuulizana: mbona hawezi kushika kikombe? Mbona miguu haimbebi? Wengine humwona mvivu, wengine hudhani amerogwa. Ndugu msomaji, huo ni udhaifu wa misuli unaofahamika katika utabibu, na familia ina sehemu kubwa katika kuuponya.

Tuseme fundi wa majahazi wa Nungwi, mtu aliyezoea kushika tezo tangu asubuhi hadi jioni, anashikwa na homa kali ya mapafu. Anapelekwa Hospitali ya Mnazi Mmoja mjini na kulazwa siku 10 katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mapafu yanapona, lakini anarudi nyumbani akiwa hawezi hata kuinuka kitini bila kushikwa mkono. Kitu gani kimempata?

Chanzo chake

Kwanza, misuli isiyofanya kazi husinyaa upesi. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2013 uliwapima wagonjwa mahututi msuli wa paja, ukaona umepungua kwa karibu asilimia 18 katika siku 10. Pili, maambukizi makali yanapoenea mwilini huila misuli yenyewe na kuidhuru mishipa ya fahamu. Madhara hayo ya mishipa yalielezwa na Daktari Charles Bolton na wenzake wa Kanada mwaka 1984. Tatu, msuli mpana ulio kati ya kifua na tumbo, ambao ndio unaovuta pumzi, nao hulegea kwa kuwa mashine imefanya kazi yake. Ndiyo maana mgonjwa huachishwa mashine kidogo kidogo.

Daktari huupima udhaifu huu kwa mikono yake. Humwambia mgonjwa ainue bega, akunje kiwiko, anyanyue paja na kadhalika, kulia na kushoto, na kila tendo hupewa alama kuanzia 0 hadi 5. Jumla ni 60. Anayepata chini ya 48 huhesabiwa kuwa na udhaifu huo.

Mazoezi huanza hospitalini

Zamani mgonjwa wa mashine aliachwa alale usingizi mzito mpaka apone. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 ulionyesha faida ya kumwanzisha mazoezi mapema, wakati dawa za usingizi zinaposimamishwa kila siku. Kati ya waliofanyiwa hivyo, asilimia 59 walitoka hospitali wakiweza kujihudumia, na kati ya wengine ni asilimia 35 tu. Lakini pupa haifai. Utafiti mkubwa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kuzidisha mazoezi mapema mno hakukuongeza faida, bali kulileta madhara zaidi. Kwa hiyo mfuateni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na kabla ya kuondoka mwombeni awaonyeshe la kufanya nyumbani.

Nyumbani mfanye nini?

1. Aanze kwa kukaa ukingoni mwa kitanda, kisha kusimama na kuketi mara chache, akipumzika katikati.

2. Atembee kwanza juu ya sakafu ngumu, akishikilia fimbo au bega la mtu. Mchanga wa pwani huchosha miguu na kuangusha, usubiri. Hesabuni hatua, na kila baada ya siku chache mwongeze kidogo.

3. Apate chakula cha kujenga mwili: samaki, dagaa, mayai, maziwa, maharage, choroko. Mwenye ugonjwa wa figo au kisukari amwulize daktari kwanza.

4. Ale na kunywa akiwa ameketi wima. Mrija uliokaa kooni huweza kudhoofisha umezaji, na chakula kikaingia kwenye mapafu.

5. Ajifunge kanga au avae shati mwenyewe, hata akichelewa. Kumfanyia kila kitu ni kumnyima mazoezi.

6. Msimcheke akisimulia ndoto za kutisha au akisahau mambo. Hayo huwapata wengi waliolazwa mahututi.

Wanajumuiya wanaokuja kumtazama wakae kidogo, kisha wamwache apumzike. Wanaomwuguza nao wapeane zamu.

Nguvu hurudi kwa majuma na miezi, na kwa wengine huchukua zaidi ya mwaka. Lakini akipata homa, akihema kwa shida, akipaliwa kila anywapo, akivimba mguu mmoja, au udhaifu ukiongezeka badala ya kupungua, msingoje. Kwa watu wa Nungwi, hospitali ya Kivunge iko karibu kuliko mjini. Mpelekeni siku hiyo hiyo, na mchukue karatasi alizopewa alipotoka hospitali.