Gemu ya Zamani Haitaki Mbio

Watengenezaji wengi wa laptopu huandika kwenye orodha ya vipimo kwamba mashine yao itumiwe mahali ambapo joto la hewa halizidi nyuzi 35 za Selsiasi. Lodwar, katika kaunti ya Turkana nchini Kenya, joto la mchana hukaribia au kuvuka kiwango hicho karibu mwaka mzima. Kwa hiyo anayefungua laptopu saa nane mchana katika mji huo, au Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi kuelekea mpaka wa Sudan Kusini, anaanzia pale mtengenezaji alipokomea. Mara nyingi laptopu yenyewe ni ya mtumba, imeshafanya kazi ya ofisi ng'ambo kabla ya kuuzwa Kenya, ina memori ya GB 4, na ndani yake mna gemu za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizopita kutoka flashi hadi flashi: Vice City, San Andreas, Age of Empires. Mchezo unakwamakwama, feni inavuma, na mwenye mashine anaamua kwamba laptopu yake ni dhaifu. Uamuzi huo kwa kawaida umepinduka. San Andreas ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2005 ilitaka prosesa ya gigahezi moja na memori ya MB 256, na laptopu ya mwaka 2014, hata ile ya bei ya chini, inazidi hapo mara kadhaa. Mashine haijakosa nguvu. Imekosa wa kuizuia.

Ili hilo lieleweke, ni lazima kujua programu hutambuaje kwamba muda umepita. Kompyuta binafsi ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na prosesa ya megahezi 4.77, na kwa miaka kadhaa waandishi wengi wa gemu waliichukulia kasi hiyo kana kwamba haitabadilika kamwe. Aliyetaka adui asogee hatua moja baada ya muda fulani hakuiuliza saa ya kompyuta. Aliiamuru prosesa ihesabu bure hadi namba fulani, akijua hesabu hiyo itachukua muda anaoutaka. Prosesa zilipozidi kasi, hesabu ikaisha mapema na adui akaanza kwenda kama risasi. Ndiyo maana kompyuta nyingi za miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 zilikuwa na kitufe cha Turbo, ambacho licha ya jina lake kilikuwa na faida hasa pale kilipozimwa, ili mashine irudi katika mwendo wa zamani. Mfano wa ajabu zaidi ni wa programu zilizoandikwa kwa Turbo Pascal. Zilipoanza, zilipima zenyewe mashine inaweza kuhesabu kiasi gani katika muda wa milisekunde 55, kisha zikagawanya jibu ili kujua kasi yake. Prosesa zilipovuka megahezi 200 hivi, jibu likawa kubwa kuliko nafasi iliyotengwa, na programu ikafa palepale ikitoa hitilafu namba 200, ile ya kugawanya kwa sifuri. Haikuwa na ugonjwa mwingine wowote. Iliuawa na kasi.

Tiba ya gemu za kizazi hicho inajulikana, nayo ni kuzijengea kompyuta yao ya kale ndani ya kompyuta mpya. DOSBox, programu iliyoanza kupatikana mwaka 2002, hufanya hivyo: huiga prosesa, kadi ya sauti na skrini ya zamani, kisha humwachia mtumiaji aamue mashine hiyo ya kuigwa itekeleze amri ngapi kwa kila milisekunde moja. Kubonyeza Ctrl pamoja na F11 hupunguza, Ctrl pamoja na F12 huongeza. Wengi hukimbilia kuongeza hadi mwisho wakidhani ndiyo njia ya kupata mwendo laini. Sauti ikianza kukatika, mara nyingi maana yake ni kwamba mashine ya kuigwa imepewa kazi kuliko laptopu inavyoweza kubeba, na dawa ni kushusha hadi mchezo utulie.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya enzi ya DOS, na San Andreas inajua kusoma saa. Ni kweli kwa sehemu tu. Gemu nyingi za kizazi chake bado zilifunga baadhi ya mahesabu yake kwenye idadi ya fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde. San Andreas ya kompyuta ililetwa na kidhibiti kinachoishikilia karibu na fremu 25 kwa sekunde, na ushauri unaozunguka miongoni mwa vijana ni kukizima kupitia menyu ili mchezo "ufunguke". Unafunguka kweli, lakini mhusika akiingia majini anaogelea kama amefungwa mawe, kwa sababu hesabu ya kuogelea haikuandikwa kwa ajili ya fremu mia. Kuna jambo la pili lisilotazamwa sana. Skrini nyingi hujionyesha upya mara 60 kwa sekunde. Mchezo ukitoa fremu 40, baadhi ya picha hukaa kiooni kwa zamu moja na nyingine kwa zamu mbili, na jicho huiona tofauti hiyo kama mtikisiko. Ukitoa 30, kila picha hukaa zamu mbili sawasawa. Fremu 30 zilizopangika huonekana laini kuliko 40 zisizopangika, na ndiyo sababu wajuzi wengi wa San Andreas hawakizimi kidhibiti bali hukisogeza kutoka 25 hadi 30 kwa viraka vilivyoandikwa na wapenzi wa mchezo huo.

Sasa turudi kwenye joto, kwa kuwa hapo ndipo Turkana inapodhihirisha jambo ambalo katika chumba chenye kiyoyozi lingeweza kufichika. Gemu ya zamani isiyozuiwa haijui kutosheka: kila ikimaliza fremu huanza nyingine, na hata kwenye menyu iliyosimama inaweza kuchora mamia ya fremu kwa sekunde ambazo skrini haina uwezo wa kuzionyesha. Kazi hiyo yote hugeuka joto. Prosesa nyingi za laptopu hujilinda zinapokaribia nyuzi 100 kwa kujipunguzia kasi. Zikipoa kidogo hupanda tena, zikichemka hushuka, na mchezo hupanda na kushuka nazo. Kukwamakwama huko ndiko watu hukuita udhaifu wa mashine. Hewa inayoingia kwenye feni ikiwa na nyuzi 37 badala ya 24, nafasi ya kupoa imeshaliwa kabla hata kazi haijaanza. Ongeza vumbi: Turkana iko katika njia ya upepo mkali unaopita kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, upepo ambao wanasayansi wa hali ya hewa wameuchunguza kwa miongo kadhaa, na laptopu ambayo haijafunguliwa kusafishwa kwa mwaka mmoja huwa na blanketi la vumbi mbele ya mapezi yake ya kupozea. Wasanifu wa majengo wamelichukua tatizo hili kwa uzito kuliko sisi watu wa kompyuta. Kampasi ya Startup Lions kando ya Ziwa Turkana, ambako vijana hufundishwa kazi za kompyuta, ilikamilika mwaka 2021 kwa usanifu wa Francis Kéré wa Burkina Faso, na minara yake mirefu imeiga vichuguu: hewa ya moto hupanda na kutokea juu, iliyo baridi zaidi huingia kwa chini. Jengo zima limepangwa ili mashine na watu wapumue. Kuzuia fremu kwa kubadilisha mstari mmoja kwenye faili la mipangilio ni kazi ya dakika moja, nayo huondoa joto kabla halijazaliwa.

Na joto ni umeme uliolipiwa. Kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, pamoja na makazi ya Kalobeyei ya tangu 2016, ina watu zaidi ya laki mbili, na kwa miaka mingi umeme wake umetoka kwa jenereta za wafanyabiashara na, siku hizi, paneli za sola. Tuchukue betri moja ya risasi na asidi ya volti 12 na ampea-saa 100. Ina wati-saa 1,200, lakini anayetaka idumu hatumii zaidi ya nusu. Laptopu tano zinazoendesha mchezo usiozuiwa, kila moja ikivuta wati 45, zitamaliza nusu hiyo kwa saa mbili na dakika arobaini hivi. Zikizuiwa zivute wati 15 kila moja, ambacho ni kiwango kinachofikiwa kwa urahisi na gemu za umri huu, zitakwenda saa nane. Sijaingiza upotevu wa kwenye inveta, ambao utapunguza saa hizo kwa pande zote mbili. Mwenye kibanda cha michezo anayetoza kwa saa hahitaji mwanauchumi amfafanulie tofauti hiyo.

Pingamizi la kawaida ni kwamba haya yote ni kujifariji kwa asiye na pesa; mwenye nazo angenunua mashine mpya na kumaliza kazi. Ushahidi haukubali. Mwishoni mwa 2024 Microsoft ilitoa toleo la Windows 11 liitwalo 24H2, na wachezaji wa San Andreas wakagundua kwamba ndege moja ya majini, Skimmer, imetoweka kwenye mchezo. Mtaalamu wa viraka ajulikanaye kwa jina la Silent alifuatilia hadi akapata chanzo: kwenye faili la magari, mstari wa Skimmer unakosa vipimo vya magurudumu, na kwa miaka ishirini mchezo ulikuwa ukiokoka kwa kuokota namba zilizobaki kwenye memori kutoka gari lililosomwa kabla yake. Windows mpya ilibadilisha namna inavyotumia sehemu hiyo ya memori, masalio yakafutika, na ndege ikapewa vipimo visivyo na maana. Kosa lilikuwa la mchezo tangu mwanzo. Mfumo mpya uliacha tu kulificha. Pesa haziwezi kununua suluhisho hapo; dawa ni kujaza namba zilizokosekana. Tena, Windows 11 rasmi haiingii kwenye nyingi ya laptopu za mtumba tunazozizungumzia, kwani kwa prosesa za Intel hudai kizazi cha nane kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Wengi watahamia Linux, ambako Wine, mradi ulioanza 1993, huendesha gemu nyingi za Windows za zamani vizuri. Angalizo moja: DXVK, tafsiri ya grafiki inayosifiwa na kila mtu, katika matoleo yake mapya inadai Vulkan 1.3, na kadi za Intel za kizazi cha tatu na cha nne hazinayo. Kwa mashine hizo tumia njia ya kawaida ya Wine inayopitia OpenGL.

Sidai kwamba kila ugonjwa ni wa kasi. Michezo ya rangi 256 ya miaka ya 1990 hutegemea DirectDraw, ambayo Windows 8 na zilizofuata huiiga kwa uzito mkubwa. Hapo faili dogo la cnc-ddraw au dgVoodoo 2, likiwekwa kwenye folda ya mchezo, hutafsiri maagizo hayo kwa lugha ambayo kadi ya leo inaielewa. Programu za biti 16 haziendi kabisa kwenye Windows ya biti 64. Gemu zilizofungwa kwa kinga ya diski ya SafeDisc zilikatwa na Windows 10 kwa sababu dereva yake ilikuwa mlango wa wadukuzi, na uamuzi huo nauona ni sahihi hata kama umewaacha watu na diski halali zisizofunguka. Hata hivyo, baada ya kutafsiri grafiki, hatua inayofuata ni ileile ya kufunga idadi ya fremu, na cnc-ddraw na dgVoodoo 2 zote mbili huja na mpangilio wa kufanya hivyo.

Wengine watauliza kwa nini mtu asinunue toleo lililofanyiwa ukarabati. San Andreas mpya ya 2021 ilitaka nafasi ya GB 45 kwa seti nzima ya michezo mitatu na memori isiyopungua GB 8, huku ile ya kwanza ikitosha kwenye flashi ya kawaida. Kwa anayenunua bando la intaneti kwa megabaiti, mjadala umeishia hapo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba katika kaunti yenye ukame na kambi yenye mgao wa chakula, kuhangaikia gemu ni upuuzi. Lual Mayen, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda, alipata laptopu baada ya mama yake kujinyima kwa miaka mitatu, akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Gemu iliyomfumbua macho ilikuwa Vice City, ya mwaka 2002, na kutoka hapo akajifunza kutengeneza gemu yake ya amani, Salaam. Siwezi kusema kila anayecheza atakuwa Mayen. Lakini mchezo wa zamani ni miongoni mwa programu chache ambazo mwanafunzi wa Lodwar anaweza kuzifungua hadi ndani bila intaneti, na baadhi yake ni halali kabisa kufungua. Msimbo wa Doom ulitolewa 1997. Ule wa SimCity ya kwanza ulitolewa 2008 kwa jina la Micropolis, kwa ajili ya laptopu za watoto za mradi wa One Laptop per Child, na leseni yake inaruhusu kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Mwalimu anayetaka kuonyesha tofauti kati ya programu inayoiuliza saa na ile inayohesabu bure anaweza kuuweka mbele ya darasa, akawataka wanafunzi watafute mstari unaoamua jiji litakua kwa kasi gani, wauguse, kisha waendeshe tena.