Volti 230 Zilizosomeka Sifuri

Umeme upo, mashine zinanguruma, na mita kwenye paneli inaonyesha volti 230. Kwenye skrini ya chumba cha udhibiti, mita hiyohiyo inasomeka 0.00. Kebo ni nzima na mita haijaungua. Kosa limejificha kwenye kisanduku kimoja cha tiki katika ukurasa wa sifa za kifaa, ndani ya programu inayokusanya vipimo vya kiwanda. Fundi aliyeujaza ukurasa huo huenda alikiruka.

Viwanda vingi bado vinawasiliana kwa Modbus, itifaki ambayo kampuni ya Marekani, Modicon, iliitoa mwaka 1979 kwa ajili ya PLC zake, yaani kompyuta ndogo sugu zinazoendesha mitambo. Imedumu kwa sababu ni nyepesi: programu inauliza, kifaa kinajibu kwa namba. Namba tupu. Jibu halisemi kama hizo ni volti au nyuzi joto, kama kuna desimali, wala kama namba ni hasi. Yote hayo huandikwa na binadamu upande wa programu.

Baadhi ya sifa zikikosewa hupiga kelele. Modbus ikipita kwenye waya wa pamoja wa RS-485, kila kifaa hupewa namba yake, kuanzia 1 hadi 247. Ukiita namba isiyo na mwenyewe, au ukiweka kasi ya biti 9,600 kwa sekunde wakati kifaa kinasema kwa 19,200, hupati jibu. Alama nyekundu inawaka na fundi anajua pa kuanzia.

Za kuogopwa ni zile zinazokosewa kimyakimya. Rejista moja ya Modbus, yaani nafasi moja ya namba ndani ya kifaa, ina biti 16 tu, lakini kipimo chenye desimali kwa kawaida hutaka biti 32. Basi hugawanywa katika rejista mbili, na itifaki haikuamua ipi itangulie, kwa hiyo kila mtengenezaji akajiamulia. Kwa hesabu ya kizio cha 16, volti 230 ni 4366 ikifuatwa na 0000. Zipindue, kwa kisanduku kile cha tiki kilichorukwa, na programu itapata namba ndogo kiasi kwamba skrini inaandika sifuri. Kaunta ya chupa yenye biti 32 hupatwa na wazimu wa upande wa pili: chupa ya kwanza inahesabiwa 65,536. Hilo angalau linachekesha na linagundulika. Nao ubaridi wa nyuzi 18 chini ya sifuri katika chumba cha kugandishia samaki utasomeka 65,518, iwapo programu haikuambiwa kwamba namba yaweza kuwa hasi.

Halafu kuna ule ugomvi wa sifuri na moja. Kitabu cha kifaa huandika rejista 40001. Kwenye waya, rejista hiyohiyo huitwa 0. Programu nyingine hutoa moja zenyewe, nyingine hukuachia kazi hiyo. Kama kila kipimo kimekaa katika rejista moja, kuteleza hatua moja kunakupa cha jirani: fazi ya pili mahali pa ya kwanza. Na kwa kuwa fazi zote zinacheza karibu na volti 230, nani atashtuka?

Muda wa kusubiri jibu nao huchukuliwa kimzaha. Tuseme mita 20 ziko kwenye waya mmoja, kila moja ikijibu ndani ya milisekunde 50: mzunguko mzima unachukua sekunde 1. Mita moja ikifa, na programu imeambiwa isubiri sekunde 1 na kujaribu mara tatu, mzunguko unafika karibu sekunde 4. Mita 19 nzima zinachelewa kwa ajili ya maiti mmoja. Ndiyo maana programu nzuri zina sifa ya kukiweka kando kwa muda kifaa kisichojibu.

Itifaki mpya kama OPC UA hutuma thamani pamoja na aina yake, hivyo kubahatisha kunapungua. Lakini mita zilizokwisha kufungwa ukutani hazing'olewi kwa sababu hiyo, na nyingi zitaendelea kutoa namba tupu kwa miaka.

Kwa hiyo fundi mzoefu haridhiki na alama ya kijani. Anasimama kwenye paneli na multimita, simu sikioni, anachomoa fyuzi inayolisha mita kwa fazi ya kwanza, kisha anamuuliza mwenzake aliye mbele ya skrini ni namba ipi imeanguka.