Kosa dogo la amri lilivyokwamisha biashara za intaneti

FEBRUARI 28, 2017 mhandisi wa kampuni ya Amazon, Marekani, alikuwa akishughulikia mfumo wa ankara uliozorota. Alikosea sehemu ya amri, seva nyingi kuliko zilizokusudiwa zikaondolewa, na ghala la data la S3 huko Virginia likavurugika kwa takriban saa nne. Tovuti nyingi zilizolitegemea zikakwama.

Huduma ya wingu ni kukodi kompyuta za mwingine. Mtaji wa kuanzia hupungua, lakini hitilafu ya mwenye mitambo huwa hasara ya mpangaji.

Amazon ilirekebisha programu ili seva ziondolewe polepole, tena zisishuke chini ya kiwango kinachohitajika.

Mfanyabiashara naye aweke nakala ya hesabu zake kwingine, na ajaribu kuifungua mapema.