Mzazi, kelele zako zamvurugia mwanao mchezo

Bila shaka umewahi kumwona, mpenzi msomaji. Kijana wa miaka 15 ambaye siku nyingine hujikwaa hata penye nyasi fupi, leo mpira umemkubali. Kila pasi yake inafika. Hasikii makelele ya mashabiki wala haoni ni nani aliyekuja kutazama, na refa akipuliza kipenga cha mapumziko anashangaa: kumbe muda umekwisha? Wiki inayofuata, kijana yuyo huyo, kwenye uwanja ule ule, anapaisha mpira lango likiwa wazi. Nyumbani anaambiwa ni uvivu, au ni kwa sababu hakumaliza ugali wake.

Wataalamu wa saikolojia wana maelezo mengine. Mihaly Csikszentmihalyi, aliyefundisha vyuo vikuu vya Marekani na kufariki mwaka wa 2021, alitumia miaka mingi akiwahoji wapanda milima, wacheza sataranji, madaktari wa upasuaji na hata vijana wa mpira wa vikapu. Watu hawa wasiofanana kwa lolote walimsimulia jambo moja. Kazi ikinoga, walisema, mtu hujisahau, saa hupita kama dakika, na mwili hufanya unavyotakiwa bila kusukumwa. Baadhi yao waliifananisha hali hiyo na kuchukuliwa na mkondo wa maji. Sisi tuiite kuzama mchezoni.

Mtu hazami kwa bahati tu. Ni lazima mchezaji ajue anachotakiwa kufanya sasa hivi, aone papo hapo kama amefaulu, na kazi yenyewe iwe ngumu kiasi cha kumtoa jasho lakini si cha kumshinda kabisa. Ikiwa rahisi mno atachoka nayo. Ikimzidi nguvu, atashikwa na wasiwasi. Timu ya shule inayopangiwa wanyonge kila Jumamosi hushinda mabao mengi, lakini ndani yake wachezaji wanasinzia.

Sasa tuje kwenye hisia, maana hapo ndipo vijana wetu wengi hukwama. Akili ya binadamu haiwezi kubeba mambo yote kwa wakati mmoja. Msichana wa voliboli anayejiuliza, "Je, mama ameona nilivyopiga wavu?" tayari ametoa jicho moja nje ya uwanja, na mpira unaofuata utampata akiwa bado anajibu swali hilo.

Mwaka wa 1990, Wamarekani Peter Salovey na John Mayer waliandika kuhusu akili ya hisia, yaani uwezo wa mtu kutambua hisia zake na za wenzake, kuzielewa na kuzitawala. Miaka mitano baadaye Daniel Goleman akatoa kitabu kilicholieneza wazo hilo kote duniani, na ndani yake akagusia pia huku kuzama tunakokuzungumzia.

Usidhani kutawala hisia ni kutokuwa nazo. Nitajie mchezaji asiyetetemeka kabla ya fainali, nami nitakuonyesha mchezaji asiyejali. Tofauti ni kwamba kijana mmoja anaweza kusema "naogopa", akavuta pumzi na kuingia uwanjani, ilhali mwenzake anasema tumbo linamuuma na kuomba akae benchi. Woga ni ule ule. Wa pili hajapata jina la kuupa. Wala hasira hasara si maneno ya wazee tu: katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka wa 2006, Zinedine Zidane, nahodha aliyekuwa amecheza mechi kubwa kuliko karibu kila mtu uwanjani, alimpiga Mtaliano Marco Materazzi kichwa kifuani, akaonyeshwa kadi nyekundu, na Ufaransa ikaenda kushindwa kwa penalti bila yeye.

Katika mchezo wa timu jambo hili lina uzito zaidi kuliko kwa mkimbiaji aliye peke yake. Hisia huambukizana kama homa ya mafua. Kipa akifungwa kizembe na beki akamtupia mikono hewani, tazama dakika kumi zinazofuata: kila mtu anaogopa kuupokea mpira. Lakini beki akimwendea, akamgonga begani na kumwambia "twende", kipa anarudi mchezoni.

Angalia wasichana wetu wa Junior Starlets, wasiozidi umri wa miaka 17, ambao mwaka wa 2024 walikuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia la daraja lolote. Kule Jamhuri ya Dominika walifungwa 2-0 na Uingereza, kisha wakafungwa tena na Korea Kaskazini, ambao mwishowe walitwaa kombe. Timu nyingi za watu wazima, na hapa simtaji mtu, zingecheza mechi ya tatu mawazo yakiwa kwenye ndege ya kurudi. Wao waliilaza Mexico 2-1.

Nawe mzazi unaingia wapi? Unaingia kwa mdomo. Simama kando ya uwanja wowote wa mtaani wikendi na usikilize: kocha anasema "rudi nyuma", baba anasema "panda", mjomba anasema "piga!" Mtoto amtii nani? Hata ukiwa na maarifa ya soka kumshinda kocha, ambayo nina shaka nayo, maneno yako yanamwamsha mtu aliyekuwa amezama. Shangilia, ndiyo. Maagizo mwachie anayelipwa kuyatoa, au anayejitolea bila malipo, kama walivyo wengi.

Kisha kuna safari ya kurudi nyumbani. Ndani ya matatu, mtoto akiwa bado na vumbi magotini, usianze kumhesabia makosa, anayajua yote. Muulize ni wakati gani alifurahia zaidi, na alijisikiaje walipofungwa lile bao la dakika za lala salama. Akijibu, sikiliza bila kumsahihisha. Akinyamaza, mnunulie maji pale steji, mkae kimya mpaka mfike.