Maisha mema ni nini? (3): Ng'ombe wangu, samadi yako

Juma lililopita tuliishia kwa Aristotle (384–322 KK), aliyetenga sehemu mbili kati ya kumi za kitabu chake cha maadili kuzungumzia urafiki. Alidai hakuna ambaye angependa kuishi bila rafiki, hata angejaliwa kila kitu kingine. Leo twende Singida, tukalione dai hilo zizini.

Kiswahili hutenganisha maisha mazuri na maisha mema. Nyumba ya bati, pikipiki, mlo wa nyama: huo ni uzuri, jicho linauona. Wema hujulikana unapomfikia mwingine.

Mwaka 1970 mwanaanthropolojia Mmarekani, Harold Schneider, alichapisha kitabu kuhusu uchumi wa Wanyaturu, wenyeji wa Singida. Alionyesha mzunguko: samadi hurutubisha shamba, shamba hutoa mtama na uwele, nafaka ya ziada hununua ng'ombe, naye ng'ombe huleta samadi. Katika nchi kame yenye msimu mmoja wa mvua, aliyekosa ng'ombe amekosa maziwa, na ugali wake nao uko mashakani.

Ndipo ilipoota mizizi desturi ya kuwekeana mifugo. Mwenye ng'ombe wengi huwapeleka baadhi kwa wenzake. Anayewatunza hukama maziwa na kuzoa samadi. Mwenye mali naye hupata kinga: ugonjwa ukiingia zizini kwake, haufagii kundi zima.

Sasa mtazame tajiri huyo. Ng'ombe wake wamelala nyuma ya ua wa minyaa wa jirani, na mtama unaonawiri kwa samadi yao ni wa jirani. Akitaka kuhesabu mali yake, lazima azunguke kijiji akipiga hodi na kujulia watu hali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mzee huyu ni majirani.

Tusiyapambe mambo. Wenye sauti juu ya ng'ombe walikuwa wanaume, na aliyepewa wa kutunza alijua nani mkubwa wake. Hata hivyo, faida ya mmoja ilipitia shambani kwa mwingine.

Siku hizi mkulima wa alizeti anauza magunia, fedha inaingia kwenye simu. Ni salama, haiugui, haitaki malisho. Lakini salio halitoi samadi.

Juma lijalo: je, asiye na cha kumwekea jirani anaweza kuishi maisha mema?

(Itaendelea)