Anayelipia Dawa Asiwe Mwenye Duka

Katika mji mdogo wa jimbo la Arkansas, Marekani, mgonjwa wa kisukari anaweza kufika kwa mfamasia anayemfahamu miaka nenda miaka rudi, akatoa cheti cha daktari na kadi ya bima, na bado akaondoka mikono mitupu. Dawa ipo kwenye rafu, anaiona kwa macho yake. Lakini kompyuta imekataa: bima hailipi hapa. Aende kwenye duka lililo katika orodha, hata kama liko mji mwingine, au asubiri dawa iletwe kwa posta. Akiitaka papo hapo, atoe pesa zake mfukoni.

Hasira za wananchi zimeanzia hapo, na wana haki ya kukasirika.

Wanaopanga orodha hizo ni kampuni zinazosimamia mafao ya dawa kwa niaba ya bima na waajiri. Ndizo zinazoamua dawa gani ilipiwe, kwa bei gani, na ichukuliwe wapi. Ripoti ya Tume ya Shirikisho ya Biashara, iliyotolewa Julai 2024, ilionyesha kuwa tatu kubwa kati yake, yaani CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, hushughulikia karibu asilimia 80 ya vyeti vyote vya dawa nchini humo. Kampuni mama ya Caremark, CVS, inamiliki pia bima ya Aetna na maelfu ya maduka ya dawa. Express Scripts iko chini ya Cigna, na Optum Rx chini ya UnitedHealth. Zote mbili zina famasia zao zinazotuma dawa kwa posta.

Kwa hiyo anayeamua mgonjwa anunue wapi ndiye mwenye duka. Hii ni kesi ya nyani kumpa ngedere.

Kampuni hizo hujitetea kwamba orodha fupi huzipa nguvu ya kupatana bei, na mteja hunufaika. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama zingejibana zenyewe pia. Ripoti ile ile ilichunguza dawa mbili za saratani, ikakuta kwamba famasia zenye uhusiano na kampuni hizo zililipwa mara 20 hadi 40 ya gharama ya kawaida ya kuzinunua. Wakati huohuo, kati ya 2013 na 2022, takriban asilimia 10 ya maduka huru ya dawa vijijini yalifungwa.

Hata askari hawakusalimika. Oktoba 2022, maduka huru yapatayo 15,000 yaliondoka katika mtandao wa Tricare, bima ya wanajeshi na familia zao, ambayo mafao yake ya dawa yanasimamiwa na Express Scripts.

Aprili 2025 Arkansas ikawa jimbo la kwanza kupitisha sheria inayozikataza kampuni hizi kumiliki maduka ya dawa. CVS na Express Scripts zilikwenda mahakamani, na mwezi Julai hakimu wa shirikisho akasimamisha sheria hiyo kabla haijaanza kutumika. Aliona yaelekea inabagua kampuni za nje ya jimbo na kugongana na mpango wa Tricare. Jirani zao wa Louisiana walipojadili muswada kama huo, CVS iliwatumia wananchi ujumbe wa simu kuupinga, na mwanasheria mkuu wa jimbo akaishtaki.

Mahakama imefunga njia moja, lakini iko nyingine. Duka lolote lenye leseni, likikubali bei na masharti yale yale, liruhusiwe kuhudumia wenye bima, na mgonjwa asitozwe zaidi kwa kulichagua. Wabunge wa Washington waifanye hiyo kuwa sheria ya nchi nzima, isiyo na mianya. Mgonjwa amekwisha kulipia bima yake. Kuchagua mfamasia ni haki yake, si hisani ya kampuni.